Waliandika Kwamba Neema Amepona

Mwaka wa 1999 nilikuwa na miaka thelathini na nane, na taabu ilinikuta soko ya Kpandroma nikipanga viazi. Vita yenyewe sitaieleza. Kila mutu wa Ituri iko na yake ndani ya kichwa, na kuna wenye kuieleza vizuri kuliko mimi. Niliacha viazi chini, nikabeba watoto wangu wawili, mume wangu hakutufikia, tukatembea mpaka Bunia. Niliingia muji na sufuria moja bila kifuniko. Hiyo inatosha.

Ninaandika kwa ajili ya nyinyi vijana mnaobaki pediatria, kwa watoto wagonjwa. Siku ya kuniaga mulinipa diplome ndani ya kioo, mukasema: Mama Marta, tuandikie mambo ya zamani, ya kuchekesha. Ya kuchekesha iko machache. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa primaire, kisha baba akasema jembe haiulizi diplome. Kuandika nilijifunza nikiwa mutu muzima, na mutaona nani alinifundisha. Herufi zangu ni mbaya. Mwenye kutaka herufi nzuri asome ile diplome yenu.

Kazi sikuomba, nilijichukulia. Nilikuwa nimekaa mbele ya hospitali na mutoto wangu mwenye homa, mutu akatapika mu koridori, na mwenye kusafisha hakukuja. Niliona ile raclette, ule mupira wa kusukumia maji kwenye simenti, imesimama kwa ukuta kama mutu asiye na shuguli. Nikaikamata. Kesho yake nikarudia. Siku ya tatu mutu mumoja alinitupia blouse ya buluu, akasema: "Weye, usiende tena." Ndiyo konkur yangu, mutihani wa kuingia kazi. Manesi wakaniita Mama Raclette, na wenye kujiona wakaniita Docteur Raclette. Niliitika yote mawili.

Shikeni hii kwanza, maana inanisumbua kuwaona. Ndoo mbili, siku zote mbili. Moja ya javel, ile dawa ya kuua vijidudu, moja ya maji safi, na kitambaa cha moja hakiingii mu ingine. Damu ya jana inatoka na maji ya baridi. Ukiweka maji ya moto unaipika ndani ya shuka, na shuka imekufa. Nililia shuka sita mbele ya kujua, na aliyenifundisha ni Muzee Alphonse.

Muzee Alphonse alikuwa mukubwa wa buanderie, kule kwa kufulia, na tena fundi wa kushona. Miwani yake ilikuwa imefungwa na uzi mweusi pembe zote mbili. Alishonea kila shuka ya hospitali kipande cha kitambaa kwenye pembe: maua mekundu kwa wamama wa kuzaa, mistari kwa chirurgie, kule kwa kupasua watu, maua ya njano kwa watoto. Wamama wa kufua hawakujua kusoma, lakini hakuna shuka ilipotea njia. "Karatasi inalowa," alikuwa anasema, "kitambaa kinakaushwa tu." Hakupenda kusema sana. Ukimuuliza jambo alimaliza kwanza mushono.

Sasa jeton. Munajua kwamba kwetu mugonjwa halali hospitali peke yake. Iko na garde-malade, ndugu wa kumupikia, kumuosha, kumugeuza. Zamani kila garde-malade alipewa jeton, kipande cha bati cha mviringo, namba imegongwa na musumari, kamba ya kuvaa kwa shingo. Ukiwa na jeton, sentinelle, yule mulinzi, alikuachia mulango. Siku ya kutoka ulirudisha jeton, ukabeba mugonjwa wako. Hospitali haikujua sura ya ndugu. Ilijua bati. Mimi pia nilijua bati, na niliona ni akili nyingi.

Mwaka wa 2002 waliingiza mutoto mwanamuke wa miaka kumi na moja, Neema, muguu umevunjika. Alianguka mu bonde wakati wa kukimbia. Mama yake alimubeba mugongoni kutoka upande wa Djugu, siku mbili, na huyo mutoto hakuwa mudogo. Walimupa mama jeton ya kumi na nne.

Neema alikuwa mutoto wa kinywa. Alikuwa amefika mwaka wa tano wa primaire, na ilimuuma kulala bure. Siku moja nilikuwa ninapitisha raclette chini ya kitanda chake, akaniuliza:

"Mama Raclette, jina lako linaandikwaka namna gani?"

"Na bic."

Akacheka mpaka kitanda kikalia. Kisha akaniamuru. Ndiyo, mutoto aliniamuru. "Leta mukono." Akaniwekea bic yake ya buluu mu vidole, na juu ya plâtre, ile chokaa ngumu iliyofunga muguu wake, tukaandika M. Kesho yake A. Mu wiki mbili ile plâtre ilijaa MARTA kila upande, kubwa, ndogo, zingine zimelala, na daktari mumoja aliuliza kama mugonjwa amebadilisha jina. Mama Neema alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, kando ya kitanda, akitikisa kichwa: "Neema, acha mama wa watu afanye kazi yake." Mimi nikasema: "Muache, mwalimu haachi darasa."

Baadaye plâtre ilikatwa, siku ya ine ya juma. Kesho yake, saa ine ya asubuhi, mama alikuwa ameenda kutafuta kuni. Akaingia mwanaume wa shati safi, mwenye adabu, na pakiti ya biskuti. Kwa shingo yake, jeton ya kumi na nne.

"Mi ni noko ya Neema," akasema. Noko, munajua, ni kaka ya mama. "Dada yangu homa inamulaza. Amenituma nimupeleke mutoto kwa nyumba."

Titulaire, yule nesi mukubwa wa salle yetu ya watoto, aliangalia jeton. Aliangalia muguu. Akaandika mu registre, akasaini. Dakika mbili, labda tatu. Neema alikuwa amekaa kwa kitanda, amekamata blanketi, hasemi. Yeye, mutoto wa kinywa, hasemi. Na mimi, Marta, mama wa watoto wawili, niliona ule unyamavu nikauita kukosa adabu.

"Neema! Heshima iko wapi? Salimia noko yako."

Akanitazama. Kisha akasema polepole: "Jambo, noko."

Munasikia? Mimi ndiye nilimupa yule mutu jina la noko mu kinywa cha mutoto. Nilifunga kitenge chake, nikamushika mukono kwa sababu alikuwa anachechemea, nikamufikisha mpaka mulangoni. Pale aligeuka. "Mama Raclette, bic yangu imebaki chini ya muto."

"Nitakuwekea," nikasema.

Saa sita mama alifika na sufuria ya fufu. Hakuwa na jeton, ila sentinelle alimujua. Alisimama mbele ya kitanda kitupu.

"Neema iko wapi?"

"Noko yake amemuchukua. Ulimutuma."

Aliweka sufuria chini, akafunika vizuri, kama mutu mwenye wakati. "Marta," akasema, "Neema haiko na noko. Kwetu mi nilizaliwa peke yangu."

Asubuhi ile barabarani kulikuwa barriere, kizuizi cha njia. Wale wa silaha walimunyanganya kuni, wakaona bati kwa shingo. Mumoja akamuuliza akicheka: "Mama, hii medali ulishinda wapi?" Akajibu bila kufikiri: jeton ya hospitali, mutoto wangu iko kwa pediatria, Neema. Wakaichukua. Aliona ni mambo ya bati tu. Nani angeona ingine?

Nilikimbia kwa Titulaire. Alikuwa anakunywa chai. "Mambo ya jamaa hayo," akasema. "Watamalizana kwa nyumba."

"Nyumba gani? Mama yake ndiye huyu!"

"Jeton ilikuja, jeton ilirudi. Service yangu iko sawa, en ordre."

Sitataja jina lake. Si kwa huruma. Ni kwa sababu akisoma hapa jina lake atafurahi kwamba bado kuna mutu anamukumbuka.

Walikuwapo mu muji watu wenye kutafuta watoto waliobebwa na makundi ya silaha. Walivaa gilet, kizibao cha mifuko mingi, walikuwa na listi, na ukipata jina lako mu listi yao, walienda kuulizia mu makambi, na watoto wengine walirudi kweli. Mama Neema alikwenda. Wakatuma kijana mumoja hospitali kuhakikisha. Titulaire akamufungulia registre, akamusomea. Kijana akafunga kaye yake, daftari. Akamuambia mama, kwa upole, na huo upole mpaka leo unanitia hasira: "Mama, mutoto wako iko kwa familia. Siye tunatafuta wenye kupotea."

Sikuelewa mutoto anaweza kupotea namna gani na bado kuwa kwa familia. Saa ya kufagia nilichukua ile registre chini ya blouse, nikaipeleka buanderie. Muzee Alphonse alimaliza mushono, akasukuma miwani juu, akaweka kidole kwenye mustari.

"Guérie. Amepona."

"Alikuwa anachechemea, Muzee."

"Sortie. Ametoka. Avec oncle. Na noko yake." Akafunga. "Maneno ine, Marta. Yote ya uongo, na muhuri juu yake."

Nikarudi kwa Titulaire na registre mukononi, sikuificha tena. "Andika ya kweli. Andika ameibiwa."

Akacheka, akaita wengine wacheke naye. "Docteur Raclette amesoma! Mama, rudi kwa ndoo zako." Kisha akaacha kucheka. "Na sikiliza. Ikiwa aliibiwa, nani alimusindikiza mpaka mulangoni? Watu wote walikuona. Ni weye watafunga mu cachot."

Hapo alisema kweli, na woga ulinikamata. Nilikuwa na watoto wawili na blouse moja. Nitasema wazi, maana uongo wa kuandikwa umenichosha: nilikaa na ule woga wiki mbili na zaidi. Nilipangusa chini ya kile kitanda kila siku. Mama Neema alikuwa anakuja kusimama kwa mulango, haniulizi kitu, hanitukani. Angenitukana ningeshukuru.

Asubuhi moja niliacha ndoo mu koridori, nikaenda na blouse yangu mpaka kwa wale wa gilet. Nikamuambia kijana: "Andika. Yule hakuwa noko. Mi ndiye nilimutoa. Nilimulazimisha kumusalimia." Aliandika karatasi mbili. Kisha akanisogezea kidude cha wino nitie kidole.

"Toa hiyo," nikasema. "Nipe bic."

Nikaandika MARTA. R ilikuwa imelala, kama kwa plâtre.

Waliweka Neema mu listi siku ile ile. Baadaye mutoto mwanamuke mwengine alitoroka, akasema: ndiyo, mu kambi moja upande wa milima kulikuwa mudogo mumoja wa kuchechemea, alikuwa anawapikia, alikuwa anatuandikia majina yetu chini na kijiti. Lakini kundi lilikuwa limehama siku chache mbele ya wale wa gilet kufika, na hakuna aliyejua limeelekea wapi. Siku chache. Hesabuni nyinyi wenye kusoma: woga wangu ulikula ngapi, na maneno ine ya Titulaire yalikula ngapi. Mimi nimehesabu. Majibu ninayo.

Muzee Alphonse alinisikiliza siku ile mpaka mwisho, na mara ya kwanza aliacha mushono katikati. Akachukua kitambaa cha watoto, maua ya njano, akakata kipande kirefu kama kidole mara mbili. Kisha akakipasua katikati na makasi, si sawasawa, kombokombo, kama njia ya Nyankunde.

"Lete hizi mbili zipatane," akasema.

Zikapatana.

"Sasa jaribu na ya mwengine." Akapasua kingine. Hakikupatana hata ungevuta.

Hivyo tulianza, bila kuomba ruhusa. Mutoto akiingia, nusu moja ilishonwa kwa mukono wake, kama bangili, na nusu ingine ndani ya pindo la kitenge cha mama, si kwa shingo, hapana kabisa kwa shingo. Haikuwa na jina. Mu wakati ule jina lilikuwa linaonyesha kabila, na kuna watu waliuawa kwa jina tu. Maua ya njano hayana kabila. Na kabla ya mutoto kutoka, nilimuuliza peke yake, mukubwa amesimama mbali: "Unamujua huyu? Anaishi wapi? Alikupikiaka nini?" Na hakuna kusalimia kwa nguvu. Mutoto akinyamaza, hatoki.

Titulaire alisema tumeanzisha uchawi. "Muganga wa kienyeji na fundi wake," alituita. Wamama walikuja wenyewe kutuomba.

Mwaka wa 2003 muji ulibadilisha wakubwa kama mutu anavyobadilisha shati. Asubuhi moja wakaingia watatu wenye bunduki, na mukubwa wao, kijana wa miwani nyeusi, akiwa na bon, karatasi ya ruhusa iliyosainiwa na Titulaire, na jeton. Walitaka mutoto mwanamuke wa miaka kumi na tatu, mwenye kidonda cha mugongo. Niliweka raclette katikati ya mulango.

"Tantine, toka. Jeton hii hapa."

"Jeton nimeona. Kitambaa iko wapi?"

"Kitambaa gani?"

"Kama hujui kitambaa gani, si weye."

Alinipiga na kitako cha bunduki. Meno mawili yalibaki pale. Nilikaa chini, lakini nilikaa mulangoni, na mimi si mutu mwembamba. Nyuma yangu nilisikia wamama wanasimama mumoja mumoja, wamegeuza mapindo ya vitenge vyao, kila mumoja anaonyesha nusu yake. Nikasema na damu mu kinywa: "Ingieni basi. Salle hii iko na kolera. Ndiyo maana munasikia harufu ya javel." Hatukuwa na kolera wiki ile. Waliangalia viatu vyao, waliangalia ndoo zangu mbili, wakaondoka wakitukana. Musiniite shujaa. Ni kuhara waliogopa. Bibi ya mutoto alikuja siku ya pili na nusu yake, ikapatana, mutoto akacheka alipomuona, nikamuachia.

Titulaire alikuwa mu biro yake wakati wote, amejifungia. Baadaye walimupandisha cheo. Mambo ya vyeo niliamua siyasemi.

Vita ikapungua. Miaka ikapita, ikaja sheria ya kulinda mutoto, ikatundikwa kwa ukuta ndani ya kioo, nikawa ninaipangusa kila juma tano. Zikaja seminare na kofia na fomu. Siichukii fomu. Ijazeni. Lakini nimewaona. Pale palipoandikwa lien de parenté, ni ndugu wa namna gani, munamuuliza mukubwa aliyesimama, munaandika alichosema, na mutoto amekaa pale kama muzigo. Ni hivyo hivyo na bubu, na wazee ambao akili imewatoka: shemeji anajibu yote, na nyinyi munaandika shemeji. Juzi, wiki yangu ya mwisho, nesi mumoja muzuri, mwenye diplome mbili, nilimusikia akimuambia mutoto asalimie mjomba: "Mupenzi, salimia tonton basi!" Nilipiga kelele mpaka dirisha likalia. Alilia huyo binti, akaniona mubaya. Nilikuwa mubaya, ndiyo. Muulizeni sasa kama atarudia.

Kwa kila titulaire aliyekuja niliomba mustari wa Neema usahihishwe. Mumoja alisema registre imepotea. Mwengine alisema vita imekwisha, Mama, samehe. Huyu wa leo, kijana wa kwenu, aliingia mwenyewe mu depo akaitoa, panya wamekula pembe. Akasema: "Mama, kufuta siruhusiwi."

"Usifute. Uongo wao ubaki, watu wauone. Nipe nafasi pembeni."

Na pembeni niliandika mimi, na mukono wangu: Hakupona. Hakuwa na noko. Alichukuliwa. Mimi Marta nilimutoa kwa mulango. Mama yake anamungoja.

Mama Neema anakuja kwangu kila siku ya ine ya juma. Anachambua sombe, mimi ninashona, tunasema bei ya kuni. Zamani, mwaka ule ule, nilimuomba Muzee Alphonse apasue kitambaa kwa ajili ya Neema pia, ingawa kitanda kilikuwa kitupu. Hakuuliza sababu. Alikata, akashona nusu mu pindo la mama, na mara tatu sasa kitenge kimechakaa na nusu imehamishwa mu kingine. Muzee amekufa. Mutoto wangu mukubwa ni fundi wa pikipiki, mudogo anafundisha primaire.

Leo niko na parcelle moja, kiwanja, kule Ngezi, imelipwa. Nyumba ya bati, vyumba viwili na jiko. Kuku saba. Sufuria tano, zote na vifuniko. Mashini ya kushona ya Muzee Alphonse na makasi yake. Blouse ya buluu. Meno niliyobakiza. Diplome ndani ya kioo. Bic moja, wino umekauka. Nusu moja ya kitambaa cha maua ya njano, haijashonwa bado kwa mukono wa mutu.